Maji ya Shemeji

Jumatatu, 3 Machi

Wakili wangu ameniambia ninunue daftari niandike kila siku ya mvua: tarehe, saa, na maji yamefika wapi kwenye ukuta wa chumba cha Mama. "Bila maoni," akasema. "Mahakama haitaki kujua unavyojisikia, mama. Inataka kujua maji." Nimenunua mawili. La kwanza ni lake, la maji. Hili la pili ni langu, la nyongo, maana nisipoitapika mahali itaniua.

Basi niseme mambo yalivyo. Mimi ni fundi magodoro. Nyumba ninayoishi ilikuwa ya baba mkwe, na alipofariki wanawe wawili waliigawana: marehemu mume wangu akapata upande wa chini, mdogo wake akapata upande wa juu. Katikati palikuwa na mfereji wa kupeleka maji ya mvua barabarani. Mwaka jana shemeji yangu, ambaye mtaa mzima humwita Saruji kwa sababu haoni udongo asiumwagie zege, alisakafia uwanja wake wote kisha akajenga ukuta juu ya mfereji ule. Juu yake kabisa! Sasa maji ya paa lake, ya uwanja wake na ya bafu lake yanakuja kugonga ukuta wa chumba changu cha nyuma, na humo ndimo anamolala Mama. Mama ni mama mkwe wangu. Ana miaka themanini na kitu, na kifua chake kibovu. Kwa maneno mengine, Saruji anamwagia mama yake mzazi maji aliyoogea. Nilipomwambia alinijibu, "Shemeji, maji hayana macho." Kefule!

Kesi tumefungua. Mimi ni mdai, yeye ni mdaiwa. Tunaitwa wiki ijayo.

Alhamisi, 6 Machi

Mawingu. Hakuna mvua.

Jumanne, 11 Machi

Mahakamani. Nimekaa kwenye benchi la ushorobani tangu saa mbili asubuhi hadi saa saba, katikati ya bwana mmoja aliyegongwa na baiskeli ya mizigo na wanawake wawili wanaogombea mlango mmoja. Choo kiko mwisho wa ushoroba, hakina mlango, na hakihitaji kibao cha kukitambulisha. Karani wa kuita majina alikuwa anachokonoa sikio kwa kifuniko cha kalamu, anakitazama, anakirudisha kwenye kalamu, kisha anaitafuna kalamu ileile. 

Tulipoingia tulikaa dakika nne. Wakili wangu, ambaye kila neno la tatu kwake ni "subira", alimweleza hakimu kwamba Saruji ameshusha matofali mengine na anataka kuuongeza ukuta. Akaomba zuio. Hakimu ni mama wa makamo, huongea bila kuinua kichwa. "Hali ibaki kama ilivyo," akasema. "Pande zote mbili. Asijenge mtu, asibomoe mtu, asichimbe mtu, mpaka shauri liishe." Saruji alinywea. Mimi nusura nipige kigelegele.

Nilimsimulia Mama huku nacheka. Akaniuliza, "Na maji nayo yameambiwa?"

Ijumaa, 14 Machi

Mvua ya kwanza ya maana. Nusu saa tu. Maji yamepanda vidole vinne ukutani, kwa ndani. Yana povu la sabuni. Yana nywele.

Jumamosi, 15 Machi

Asubuhi nilishika jembe. Upande wangu wa ukuta kuna nafasi ya kuchimba kijifereji kipya hadi barabarani. Kazi ya mtu mmoja, nusu siku. Dobi, jirani yangu wa ng'ambo ya njia, ambaye hufua na kupiga pasi nguo za mtaa, alikuja na koleo lake. Hatukuwa tumefika hata hatua mbili nikaona nimpigie wakili simu, nimjulishe tu. Kumbe najipalia makaa.

"Mama! Weka jembe chini!" Alipiga ukelele kana kwamba nimeshika bunduki. "Asichimbe mtu! Hukusikia? Pande zote mbili!"

"Lakini nachimba kwangu."

"Kwako ndiko kwenye mgogoro. Ukichimba umedharau mahakama, tena kwa amri uliyoiomba mwenyewe. Subira, mama."

Tukafukia. Dobi alicheka mpaka akakaa chini. "Mchimba kisima huingia mwenyewe," akasema, "na wewe hata kisima chenyewe hujachimba!" Sikuona cha kuchekesha.

Jumatatu, 17 Machi

Mvua. Vidole vitano.

Jumatano, 19 Machi

Mvua. Vidole vitano tena. Chini ya kitanda cha Mama kumeota kitu cheupe chenye manyoya.

Jumanne, 25 Machi

Hakimu yuko semina. Tumeahirishwa hadi tarehe 8 Aprili. Hakuna aliyetuambia mpaka saa sita mchana, na aliyetuambia ni mfagiaji.

Ijumaa, 28 Machi

Chumba cha Mama sasa kina rangi tatu: chokaa juu, kijani katikati, nyeusi chini. Ukigusa ukuta kidole kinarudi na utelezi kama wa kamasi. Karakana yangu iko upande wa pili wa chumba hicho, na magunia mawili ya sufi yameshalowa. Sufi ikilowa hunuka mbwa aliyekufa. Nilikuwa nashona huku nimejifunga kitambaa puani na bado nilikuwa naionja ulimini. Mama anakohoa, na kikohozi chake kina maji ndani yake. Mdomo wake ndio haujalowa. "Ukuta huu unatoka jasho," ananiambia, "kama mwizi aliyeitwa kwa jina lake."

Nilikuwa nimekwisha kukunja shuka zake nimhamishie chumbani kwangu. Ndipo wakili akaja na mpiga picha. Alifurahi! Anaugusa ukungu kwa ncha ya kalamu, "Safi. Safi sana." Mpiga picha akamwomba Mama alale, ageukie ukutani, avute shuka hadi kidevuni, asitabasamu. Mama akamuuliza kama anataka na macho afumbe, ili akifa wasipate taabu ya kurudi. Yule mpuuzi akafikiri kweli, akasema hapana, ya wazi yanatosha.

Nilipomwambia wakili kwamba namhamisha leo, alinivuta uani.

"Akihama, mama, tunabaki na nini? Ukuta uliolowa. Kuta zilizolowa zimejaa mji mzima. Kikongwe mgonjwa anayelala ubavuni mwa ukuta uliolowa, hiyo ndiyo kesi. Akihama, kesi inahama naye."

"Mpaka lini?"

"Tarehe nane tunasikilizwa. Siku kumi na moja tu. Subira."

Nikarudi ndani nikazikunjua shuka. Nilimwambia Mama chumba changu kimeingia kunguni, nasubiri kipigwe dawa. Fundi magodoro, chumba kimeingia kunguni! Hata uongo niliouchagua ni wa kujipaka kinyesi mwenyewe. Mama alisema tu, "Haya, mwanangu."

Jumatano, 2 Aprili

Mvua usiku kucha. Vidole saba.

Jumanne, 8 Aprili

Jalada letu limelowa. Paa la masjala linavuja, na maji yameingia kwenye kabati la herufi yetu. Karani alilileta likichuruzika, amelishika kwa vidole viwili kama anayetoa panya. "Shauri la maji limelowa!" akasema bwana wa baiskeli, na ushoroba mzima ukaangua kicheko, hata Saruji, hata mimi. Tulitazamana na shemeji tukicheka, halafu tukakumbuka.

Wamesema litaanikwa, kurasa zilizofutika zitaandikwa upya. Mahakama itakuja kutembelea eneo tarehe 24 Aprili, na ushahidi utasikilizwa tarehe 6 Mei. Nilimuuliza wakili kuhusu Mama. "Tumeshafika mbali," akasema. Tumefika wapi? Mimi niko palepale, nanuka.

Ijumaa, 11 Aprili

Mvua. Vidole nane. Nimeinua kitanda cha Mama kwa matofali mawili kila mguu. Wakili amesema hiyo inaruhusiwa kwa kuwa kitanda si sehemu ya ardhi.

Jumapili, 13 Aprili

Konokono kwenye mto wake. Wawili, wamepandana.

Alhamisi, 17 Aprili

Saruji amekuja na machungwa. Alisimama mlangoni mwa chumba cha Mama na leso puani. Leso, kwa maji yake mwenyewe!

"Ingia, mwanangu, ukae," Mama akamwambia.

"Wakili amenikataza, mama. Nisikanyage eneo la mgogoro."

Mama akalitazama eneo la mgogoro, yaani kitanda chake, kigoda chake na kopo lake la kutemea. "Basi nirushie," akasema. Na lile jitu zima lenye kitambi likamrushia mama yake machungwa kutoka mlangoni, moja moja. Mawili yalianguka majini.

Nilimfuata hadi nje. "Shemeji, si umchukue mama yako? Kwako kumekauka."

"Nikimchukua nitakuwa nimekiri," akasema, wala hakuona haya. "Watasema nilijua kuna madhara. Na wewe unaye hapo, mbona humtoi?"

Nilitema mate chini. Nikayaokota yale machungwa mawili nikayatupa jaani. Mnyama yule! Mtu anamwacha aliyemzaa aoze kwenye ukungu ili asishindwe kesi. Nimekaa mpaka jioni nashona godoro moja mishono ya hasira. Itabidi niifumue yote.

Alhamisi, 24 Aprili

Leo mahakama ilikuwa inakuja kuona maji. Nilipanga viti vinne nilivyoazima. Saa tatu mvua ikashuka kama iliyotumwa, maji yakaja kwa fujo, yakapiga ukuta, yakaingia chini ya mlango, povu, nywele, uchafu wote wa Saruji ukiogelea mbele ya macho yangu. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Nikasema leo wataona wenyewe.

Saa tano karani akapiga simu. Mahakama haiji.

"Kwa nini?"

"Mama, huoni mvua hii?"

"Ndiyo hiyo niliyowaitia!"

"Mahakama haiwezi kutembea kwenye matope," akasema, na nikasikia anatafuna kitu. "Mtapewa tarehe nyingine, kukishakauka."

Nimevirudisha viti vya watu. Kimoja kimevunjika mguu.

Jumanne, 6 Mei

Hatimaye tumesikilizwa. Mama alikaa benchi la mbele; ni wakili wangu aliyeagiza aletwe, akohoe hakimu akisikia. Alikuwa anakohoa vizuri tu tangu asubuhi, wala hakuhitaji kuambiwa.

Nimekula kiapo. Nimeeleza mfereji, ukuta, povu, vidole. Daftari la maji limepokelewa kuwa kielelezo. Kisha akasimama wakili wa Saruji, kijana mwembamba mwenye sauti tamu, wale wanaokupaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

"Mama, wewe ni fundi magodoro?"

"Ndiyo."

"Basi nyumbani kwako magodoro hayakosekani."

"Hayakosekani."

"Na chumba chako wewe, kimelowa?"

"Hapana."

"Tangu Machi unaona maji. Unaona ukungu. Unasikia kikohozi. Una chumba kikavu na una magodoro. Kwa nini hukumhamisha?"

Nilimtazama wakili wangu. Alikuwa anapanga karatasi ambazo zilishapangwa. Niliona nikisema kweli yote yanaporomoka, kesi, mfereji, miezi miwili ya kunusa uozo bure. Nikasema, "Nilimbembeleza sana, mheshimiwa. Alikataa mwenyewe. Si unajua wazee na vyumba vyao."

Watu wakatikisa vichwa kwa huruma. Hakimu, kwa mara ya kwanza tangu Machi, aliinua uso akanitazama kwa wema. Kisha akaandika.

Mama hakukohoa tena. Kile kikohozi kilichokuwa kinatoka bila kuitwa kilikatika palepale. Alinitazama kidogo, kisha akatazama mikono yake, na njiani kurudi hakusema neno hata moja, yeye ambaye huwa hawezi kupita kuku bila kumpa jina.

Nilipofika nyumbani nilisugua ulimi kwa mswaki mpaka ukatoa damu. Kefule mimi! Nyani haoni kundule. Mimi langu nimeonyeshwa mbele ya watu, nikiwa nimekula kiapo. Nilimwita Saruji mnyama. Yeye alimwacha aoze ili asishindwe, mimi nilimwacha aoze ili nishinde. Tofauti iko wapi? Angalau yeye hakusema kwamba mama ndiye aliyetaka.

Jumatano, 7 Mei

Mama ameondoka. Nilipompelekea chai asubuhi nilikuta kitanda kimetandikwa, fimbo haipo, mto haupo. Nilitoka mbio barabarani, miguu mitupu. Dobi aliniita kutoka dirishani kwake. "Yuko huku. Alivuka mwenyewe, alfajiri."

Kwa Dobi ni chumba kimoja, joto la pasi limekikausha mpaka mbao zinalia. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti kati ya marundo ya nguo. Nilipiga magoti. Nilisema nisamehe, nilisema mengi, nilisema wakili, nilisema kunguni hawakuwapo.

"Najua hawakuwapo," akasema. "Mimi nimelala miaka hamsini kwenye magodoro yako na ya mama yako." Kisha akanirudishia kikombe changu alichokuja nacho. "Mwambie wakili wako kitanda nimemwachia."

Nimemwambia. Hakushtuka hata kidogo. "Asijue mtu," akasema. "Hasa upande wa pili. Mpaka mahakama itembelee eneo." Dobi amekubali kunyamaza, lakini aliponijibu hakuniangalia usoni.

Ijumaa, 9 Mei

Mvua. Sikupima.

Jumatatu, 12 Mei



Mvua ilianza alfajiri. Saa nne asubuhi nilikuwa karakana nachambua sufi, nikasikia kishindo kama mtu ameangusha magunia kumi kwa mpigo. Ukuta wa chumba cha nyuma umekwenda. Nusu yake nzima imelala kitandani, na kitanda kimekatika katikati. Pale palipokuwa na mto matofali yalinifika kiunoni. Nilisimama mlangoni nikihesabu siku. Tano. Ingekuwa kabla ya Jumatano iliyopita, basi.

Ndipo Saruji akatokea kupitia kwenye lile pengo, singlendi na kaptura, miguu mitupu. "Mama!" Akaruka katikati ya eneo la mgogoro akaanza kuvuta matofali kwa mikono. "Mama! Mama wee! Mama!" Hakujua. Sisi tulikuwa tumeficha, na tuliificha vizuri.

Na mimi sikumwambia. Naandika hapa kwa sababu daftari hili si la wakili. Nilisimama nikamtazama mtu akimchimbua mama yake ambaye hayumo, kucha zikimvunjika, nikajisemea moyoni, acha aonje. Sijui ni muda gani. Pumzi kumi, labda ishirini. Aligeuka, uso wote tope na kamasi kama mtoto mdogo, akanipigia kelele, "Shemeji, nisaidie! Shika huku!" Ndipo nikafungua mdomo.

"Hayumo, shemeji. Yuko kwa Dobi."

Hakuelewa. Ilibidi nirudie mara tatu. Alikaa juu ya matofali akatapika katikati ya miguu yake.

Dobi alimleta Mama chini ya mwavuli. Mama alisimama nje ya pengo akamwita kwa jina la utotoni, jina ambalo sijawahi kulisikia, akamuuliza, "Unatafuta nini humo, mwanangu?" Na yule mtu akalia kwa sauti, mvua ikimnyeshea, mikono yake ikivuja damu. Mama aliitazama mikono hiyo. Kisha akatazama yangu.

"Yako haina tope," akaniambia.

Ilikuwa na sufi tu. Nyeupe, kavu.

Jumanne, 13 Mei

Wakili wangu alifika kabla sijanywa chai. Aliingia chumba cha nyuma, akaona kitanda kilivyokatika, akapiga makofi. Makofi! "Tumeshinda, mama! Hii ni zawadi! Usiguse hata tofali moja mpaka hakimu aone." Kisha akaona yale matofali aliyoyatupa Saruji pembeni, na macho yakamng'aa zaidi. "Ameyasogeza nani haya?"

Nikamweleza.

"Amevunja amri ya mahakama. Amevuruga ushahidi, tena mbele ya shahidi! Tunaweza kuomba afungwe."

"Alikuwa anamtafuta mama yake."

"Sababu ataieleza huko. Subira..."

Nilimwambia akithubutu kulitaja hilo mahakamani, nitasimama mimi mwenyewe niseme ni nani aliyenizuia kumhamisha Mama, na kwamba kwa kiapo nilidanganya. Alinitazama kama aliyegundua nywele kwenye supu yake. Akafunga mkoba. Alipoondoka nilijiuliza mbona sisemi hilo hata bila yeye kuthubutu. Jibu ninalo: naogopa kushindwa. Mpaka leo, na yote niliyoyaona, bado naogopa kushindwa.

Jumanne, 20 Mei

Mahakama imekuja. Jua kali, vumbi, wala tone. Hakimu alivaa viatu vinavyong'aa, akasimama juu ya gunia nililomtandikia. Wakili wa Saruji alisema ukuta ulikuwa mzee, umeanguka kwa uzee wake. Saruji alikuwa na vitambaa kwenye vidole sita. Hakusema lolote, na mimi sikusema lolote.

"Nani anayelala hapa?" hakimu akauliza.

"Hakuna sasa," nikasema.

Karani akaandika, akachokonoa sikio. Walikaa dakika kumi na moja.

Jumatano, 4 Juni

Manyunyu. Labda ya mwisho.

Jumanne, 10 Juni

Jua. Uozo hunuka zaidi likiwaka. Kila jioni nampelekea Mama chakula. Hupokea, hushukuru, hula. Hataniani nami tena.

Jumanne, 24 Juni

Nimeshinda.

Hukumu ina kurasa kumi na moja. Saruji abomoe ukuta ulio juu ya mfereji, aufungue mfereji, ajenge upya ukuta wa chumba cha nyuma, yote ndani ya siku thelathini. Wakili wangu alinishika mkono kwa mikono yake miwili, yenye jasho, kama ukuta ule. Akasema, "Nilikwambia subira."

Nimeisoma nikiwa kwenye benchi la ushorobani. Ukurasa wa saba: *Mdai alimbembeleza kikongwe huyo ahame, lakini alikataa mwenyewe. Mahakama imemwona mdai akitoa ushahidi, na imemwamini.* Nimeusoma mara nyingi. Yaani mtu aliyesoma, mwenye kalamu yake na kiti chake kirefu, alinitazama usoni saa ile ninasema vile, akaona ukweli. Nilikwenda mpaka kile choo kisicho na mlango, na kwa mara ya kwanza nikaona kinanistahili.

Jumamosi, 28 Juni

Saruji ameubomoa ukuta na kuufungua mfereji. Yeye na kibarua mmoja. Nilichukua koleo nikasaidia upande wangu. Tulianza saa moja asubuhi, saa tano tukawa tumemaliza. Alimwaga ndoo ya maji juu, tukayatazama yakiteremka hadi barabarani, wala hayakugeuza kichwa kuangalia nyumba ya mtu.

"Kazi ya saa nne tu," akasema shemeji.

"Saa nne."

Alikwenda akaosha koleo langu, akanirudishia.

Ijumaa, 11 Julai

Ukuta mpya umekamilika, umepigwa chokaa. Nimeshona godoro jipya, sufi ya mwaka huu, nimeichambua kwa mkono mbegu moja moja.

Jumamosi, 12 Julai

Leo tulikwenda wote wawili kumchukua Mama. Hatukupanga, tulikutana mlangoni kwa Dobi, mimi na shuka safi, yeye na shati la kupiga pasi. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti chake anakunja nguo za wateja. Kikohozi kimekwisha kabisa. Amenenepa mashavu.

"Mama, chumba kimekauka," nikasema. "Godoro jipya."

"Au njoo kwangu," akasema shemeji. "Nimekuandalia cha mbele, chenye dirisha."

Mama alimaliza kukunja shati alilokuwa nalo. "Hiyo karatasi ya mahakama mnayo?"

Ninayo, nayabeba yale makaratasi kila niendako, sijui kwa nini. Nikayatoa.

"Nisomee palipo jina langu."

"Jina halipo, mama. Wamekuita kikongwe."

"Basi palipo kikongwe."

Nikafungua ukurasa wa saba. Nilitaka kuruka mistari, lakini alikuwa ananitazama mdomoni. Nikasoma. *Mdai alimbembeleza kikongwe huyo ahame, lakini alikataa mwenyewe.* Nikasoma na ile ya kuaminiwa. Shemeji alikuwa anatazama sakafu.

"Kumbe mimi ni mtu wa kukataa kuhama," Mama akasema. "Imeandikwa, na muhuri juu." Akachukua shati jingine, akalinganisha mkono na mkono. "Basi nakataa. Nani hapa atabishana na mahakama?"

Nilingoja acheke, kwa kuwa ndivyo alivyokuwa akifanya zamani akishakuchoma. Hakucheka. Dobi aliinua pasi yake, akatuomba tusogee kidogo, tumemzibia mteja mlango. Tukasogea.